Kinga ya Mwili na Mkono Ubanduao

Shangazi yangu, ambaye vidole vyake vimepindwa na baridi yabisi huu mwaka wa kumi na tatu, alinionyesha mwezi uliopita chupa ya vidonge aliyouziwa katika duka la dawa la mtaani kwake, na juu yake yamechapwa maneno mawili kwa herufi kubwa kuliko jina la dawa yenyewe: HUONGEZA KINGA. Aliinunua kwa pesa za matumizi ya wiki nzima wala hakuzionea uchungu, kwa kuwa muuzaji, kijana mwenye adabu na uso mkunjufu, alimhakikishia kwamba kila maradhi huingia pale kinga inapopungua, na kwamba mwenye kuiongeza amekwisha kuufunga mlango. Nilipomwuliza kama kijana yule alitaka kujua anaumwa nini, shangazi alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto, akasema, “Hakuuliza, mwanangu. Kwani kinga si kinga tu?”

Swali lile halijaniondoka moyoni, na makala haya ni jibu lake. Nasema, bila kumumunya maneno, kwamba kinga si kinga tu. Kwamba dhana iliyotamalaki madukani, redioni na katika simu zetu za mkononi, isemayo kwamba afya ni wingi wa kinga na maradhi ni uchache wake, ni dhana batili. Na kwamba burhani ya ubatili wake haimo katika maneno ya mabingwa wa mijadala, bali imo ndani ya seli zenyewe, katika umbo na kazi ya vimeng'enya vinavyopeleka habari kutoka kwenye uso wa seli ya kinga hadi kwenye kiini chake.

Insafu yataka hoja ya mpinzani isemwe vizuri kabla ya kujibiwa. Wasemao kwamba kinga huongezwa hawakuibuni rai yao kwa ujinga, wala si wote wenye bidhaa ya kuuza. Sisi wa Afrika Mashariki tuliijua kinga kwa msiba: neno hilo lilitoka vitabuni likaingia majumbani mwetu katika miaka ya 1980, likiwa limefungwa ndani ya jina la maradhi, Upungufu wa Kinga Mwilini, na jina hilo likatufunza, kabla hatujafunzwa jambo jingine lolote, kwamba kinga ni kitu kama maji ya mtungi, kinachopungua na kwa hiyo kinachojazwa. Tukaona ndugu zetu wakirudi kliniki na hesabu ya CD4 katika kadi, tukafurahi hesabu ilipopanda na tukalia iliposhuka, na furaha ile na kilio kile vilikuwa vya haki. Ilipokuja korona mwaka 2020, tukafanya tulichokwisha kufunzwa: tukachemsha tangawizi na ndimu, tukatafuna kitunguu saumu, tukajifunika mablanketi tukapiga nyungu, na neno lililokuwa midomoni mwa wote lilikuwa hilo hilo, tuongeze kinga. Sina vita na tangawizi. Vita vyangu ni na kitenzi kile, kuongeza, kwa sababu jina la ugonjwa mmoja haliwezi kuwa elimu ya magonjwa yote.

Natuitazame basi kazi yenyewe. Kimeng'enya wengi wetu tulikijua darasani kwa habari ya mate, yanayougeuza wanga wa muhogo kuwa sukari mdomoni, tukadhani kazi ya vimeng'enya huishia tumboni. Lakini mwaka 1955, mjini Seattle huko Marekani, Edmond Fischer na Edwin Krebs, walipokuwa wakichunguza kimeng'enya kimoja cha misuli ya sungura, waligundua kwamba huamka kinapobandikwa kipande kidogo cha fosfeti, na ikabainika kwamba hulala tena kipande kile kinapobanduliwa, na ya kuwa kubandika ni kazi ya kimeng'enya kimoja na kubandua ni kazi ya kingine. Kibandikacho huitwa kinasi. Kibanduacho huitwa fosfatasi. Jambo lililoonekana dogo, habari ya nyama ya sungura, lilikuja kutambulikana kuwa ni lugha inayosemwa na seli zote za mwili, na mwaka 1992 wataalamu wale wawili wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Wala katika lugha hiyo hakuna neno linaloundwa kwa mkono mmoja. Mpishi yeyote anajua maana ya bandika bandua: jiko ambalo vyungu vyake hubandikwa wala havibanduliwi halipiki chakula zaidi ya majiko mengine, bali huunguza chakula na nyumba pia.

Hebu tusogee karibu zaidi, tuangalie kinasi kimoja tu, kiitwacho Lck, kinachokaa chini ya utando wa seli T, zile seli za kinga ambazo hesabu ya CD4 ni hesabu ya kundi lake moja. Lck ni ushanga wa asidi amino 509 uliokunjwa ukawa na sehemu zake: kichwa chenye mafuta kinachoung'ang'ania utando, viungo viwili vya kushikia protini nyingine, kisha mwili wenye kishimo ambamo kazi ya kubandika hutendeka, na mwisho mkia mfupi. Katika mkia huo, kwenye nafasi ya 505, ipo asidi amino iitwayo tairosini, na kimeng'enya kingine kiitwacho Csk kinapoibandika fosfeti, mkia hukunjama ukanaswa na kimojawapo cha viungo vya Lck yenyewe, na kinasi chote hujifumba kama paka aliyelala akauficha mkia wake chini ya kidevu. Huyo paka haamki kwa kuongezwa fosfeti. Huamka kwa kupunguziwa. Anayemwamsha ni CD45, ambayo ni fosfatasi, mbanduaji, mojawapo ya protini zilizo nyingi kabisa kwenye uso wa seli hizi. Hubandua fosfeti ya mkia, Lck ikajikunjua, na ndipo tairosini nyingine, ile ya nafasi ya 394 karibu na kishimo cha kazi, inapobandikwa fosfeti yake, kinasi kikawa macho kweli kweli.

Msomaji na aone hapa jinsi kitenzi kuongeza kinavyokosa pa kusimama. Fosfeti ile ile, ikiwa 394 huamsha, ikiwa 505 hulaza. Mbanduaji, ambaye kwa hesabu ya dukani angeitwa mpunguzaji, ndiye awashaye taa. Na wako watoto wachache walioandikwa katika vitabu vya tiba ambao walizaliwa bila CD45, nao hawakuwa na kinga kali kwa kukosa mpunguzaji, bali walikosa kinga. Fauka ya hayo, CD45 hiyo hiyo hubandua pia fosfeti nyingine zilizowekwa na Lck, ikazima ilichokiwasha. Je, mwenye chupa anataka tuiongeze CD45, au tuipunguze? Kama hajui, anauza nini?

Mpinzani wangu atasema kwamba nimejificha ndani ya kimeng'enya kimoja chenye tabia za kipekee. Basi nimtazamishe jamii ya JAK, vinasi vinavyopokea habari za homoni za kinga, ambavyo jina lake lilitolewa kwa Janus, mungu wa Warumi wa kale mwenye nyuso mbili, kwa sababu kila kimoja kina sehemu mbili zinazofanana: moja hufanya kazi, na ya pili, ambayo hapo awali ilidhaniwa ni gofu lisilo na faida, humzuia mwenziwe asifanye kazi pasipo kuitwa. Mwaka 2005 ilionekana kwamba asidi amino moja tu ikibadilika katika sehemu hiyo ya kuzuia ya JAK2, kwenye nafasi ya 617, mwili huzalisha chembe za damu kupita kiasi hadi damu ikawa nzito na kuganda katika mishipa. Kizuizi hakikuletwa kutoka nje kama hatamu ya punda. Kimeumbwa ndani ya kimeng'enya, ubavuni pa nguvu yenyewe.

Sasa nafika kwenye hoja ambayo kwangu ndiyo shina la nyingine zote, nayo ni hii: mkono ubanduao haukuwekwa kwa ajili ya kupoza kinga tu, bali ndio unaoipa kinga uwezo wa kutambua. Seli T katika mizunguko yake hugusana na seli nyingi mno, na karibu kila inachokigusa ni cha mwili wenyewe. Kitu cha adui ni nadra kama lulu katika chaza. Kipokezi chake hakina kimeng'enya chake mwenyewe. Kina tairosini ishirini zinazongojea kubandikwa na Lck, ili kinasi cha pili, ZAP-70, kije kitie nanga hapo, kizibandike protini nyingine, nazo zifungue njia ya kalsiamu, na habari ifike kwenye kiini. Kila hatua yataka muda. Kipande cha mwili wenyewe, kinapogusana na kipokezi, aghalabu huachia upesi, kama mpita njia aliyegusa mlango kwa bahati mbaya. Kipande cha adui hudumu zaidi. Mpita njia anapoondoka, fosfatasi hubandua yote yaliyokuwa yameanza kubandikwa, na seli hurudi katika utulivu kana kwamba hakuna aliyebisha hodi. Adui anapodumu, kubandika hukutangulia kubandua, hatua zikatimia, na seli ikatoa hukumu. Kwa hiyo hiyo tofauti ya sekunde chache ndugu hutengwa na adui. Ondoa mkono huo ubanduao hatua hizo, na kila mguso utazitimiza zote, na seli T, ikiwa na nguvu tele, haitamjua tena mwenyeji wala mgeni. Mwenye kutaka vinasi viongezwe pasipo kujali mizani anataka kinga ipofuliwe macho kisha ipewe panga.

Hili si jambo la kudhania. Wako panya wa maabara ambao, kwa kasoro ya jeni moja, hukosa fosfatasi iitwayo SHP-1. Laiti afya ingekuwa wingi wa kinga, panya hawa wangekuwa na siha kupita wenzao wote, kwani seli zao za kinga hazina wa kuzituliza; lakini ngozi zao hutoka madoa na mabaka hata watafiti wakawapa jina la walioliwa na nondo, mapafu yao huvimba, nao hufa wakiwa na umri wa wiki chache tu, wameuawa na kinga yao wenyewe bila kuumwa na mdudu yeyote.

Tena kuna lililo gumu zaidi kwa mpinzani. Mwaka 2003 Shimon Sakaguchi na wenzake nchini Japani walieleza habari ya panya ambao ZAP-70 yao ilibadilika asidi amino moja tu, kwenye nafasi ya 163, ikawa dhaifu. Kinasi dhaifu, habari hafifu: kwa hesabu ya mtungi, kinga yao ilipaswa kuwa pungufu na basi. Lakini walipata baridi yabisi, viungo vikivimba na kuharibika, kwa kuwa katika tezi ambamo seli T hujaribiwa kabla ya kuruhusiwa kuzunguka, seli ambazo zingeonekana kuwa hatari zikaondolewa hazikusikika vema, zikapita. Ilhali watoto wa binadamu walioelezwa mwaka 1994, ambao ZAP-70 yao haipo kabisa, hawana baridi yabisi bali hushambuliwa na kila kijidudu. Kimeng'enya kimoja: kikikosekana, kinga hakuna, kikidhoofika, kinga humgeukia mwenyewe. Ni kipimo gani cha mtungi kitakachoeleza jambo hili?

Na tutoke maabarani twende wodini. Mwaka 2020 madaktari wa Uingereza, katika utafiti ulioitwa RECOVERY, waliwapa wagonjwa wa korona dexamethasone, dawa ya kale na ya bei nafuu ambayo hutuliza kinga. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 29.3 ya waliopewa dawa na asilimia 41.4 ya wasiopewa. Lakini miongoni mwa wale ambao hawakuwa wakihitaji oksijeni, dawa haikuleta faida. Katika siku zile zile ambazo sisi tulikuwa tukihimizana kuongeza kinga, waliokuwa taabani zaidi waliokolewa kwa kuituliza. Na karibu zaidi na kwetu, nchini Uganda pamoja na Afrika ya Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwatazama wagonjwa wa UKIMWI wenye homa ya uti wa mgongo itokanayo na kuvu: walioanzishwa dawa za kurejesha kinga ndani ya wiki mbili za kwanza walikufa kwa asilimia 45 katika wiki 26, na waliongojeshwa hadi wiki ya tano walikufa kwa asilimia 30. Hawa ndio hasa wenye upungufu wa kinga ambao jina lenyewe lilitufunza, na hata kwao kuirejesha kinga kabla ya wakati wake kuligharimu roho za watu. Dawa ilikuwa ile ile na ya haki. Kilichokosewa ni saa.

Nakiri, kwani kukiri haki si kushindwa, kwamba wako watu ambao kinga yao imepungua kweli. Mwaka 1952 tabibu wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, alieleza habari ya mvulana wa miaka minane aliyeugua mara kwa mara, akaona katika damu yake hakuna kingamwili. Akamchoma sindano za zile zile alizozikosa, na mtoto akapata nafuu. Mwaka 1993 sababu ya ugonjwa huo ilijulikana, nayo ni kimeng'enya, kinasi cha seli B kilichopewa jina la Bruton, BTK. Mtoto mwenye utapiamlo hupewa chakula, mwenye virusi vya UKIMWI hupewa dawa zake, na chanjo huifunza kinga kumtambua adui mmoja kwa sura yake. Lakini katika yote haya hakuna aliyeongezewa kinga kwa jumla: kila mmoja alipimwa, kilichokosekana kikatajwa kwa jina, na hicho ndicho alichopewa. Tena, miaka ishirini tu baada ya BTK kujulikana, mwaka 2013, iliidhinishwa Marekani dawa ya kuizima BTK hiyo hiyo, kwa ajili ya wenye saratani za seli B ambamo kinasi hicho hakitulii. Kitu ambacho kukosekana kwake ni maradhi ya mtoto mmoja, kuzimwa kwake ni tiba ya mzee mwingine.

Imebaki silaha moja kali mkononi mwa mpinzani, nami sitaikwepa. Atasema: je, Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018 hawakupewa James Allison na Tasuku Honjo kwa kufungua vizuizi vya kinga, ili seli T ziishambulie saratani? Naam, walipewa, na walistahili. Kizuizi alichokigundua Honjo, PD-1, hufanya kazi kwa kuiita fosfatasi iitwayo SHP-2 ije ibandue. Tiba huufunga mlango huo wa kuitia, na vinasi vikapata nafasi ya kumaliza kazi. Lakini waulize wanaowahudumia wagonjwa hao wanachoangalia kila mara: utumbo usije ukavimba, tezi ya shingo isije ikashambuliwa, moyo usije ukaingiliwa na seli za mwenyewe. Madaktari hao hushika kizuizi kimoja kilichotajwa, kwa mgonjwa mmoja aliyepimwa, mkono mmoja ukiwa juu ya dawa ya kutuliza endapo moto utavuka mpaka. Nani miongoni mwa wauza chupa anakaa na mteja wake hivyo?

Huenda akatokea mpole wa kusema kwamba nayabeba maneno mazito juu ya jambo jepesi, kwamba kuongeza kinga ni lugha ya watu tu, na vidonge vile huenda havina madhara. Sibishani naye juu ya vidonge. Maneno ndiyo yaliyodhuru. Nilipoendelea kuzungumza na shangazi, niligundua kwamba dawa yake ya hospitali, kidonge cha kila wiki cha kuituliza kinga ambayo ndiyo inayomla vidole, alikuwa ameiacha mwezi mzima. Hakuiacha kwa uvivu. Aliposikia kwamba kinga huongezwa, alikumbuka aliyoambiwa siku nyingi zilizopita, kwamba kidonge kile hushusha kinga. Akalinganisha, akaona hospitali inamwangusha na duka linamwinua, akafuata akili yake. Kwa kanuni aliyopewa, hakukosea hata hatua moja. Kanuni ndiyo iliyokuwa mbovu, na aliyeieneza hakuwa kijana yule peke yake: ni mimi na wewe pia, kila tuliposema kinga iongezwe bila kusema kinga ipi, ya nani, na kwa ugonjwa gani.

Nilimweleza haya yote kwa mfano wa jiko lake mwenyewe, la kubandika na kubandua, naye ndiye aliyenikatiza kabla sijamaliza, akisema kwamba anayeunguza chungu hahitaji kuni zaidi. Siku ya kliniki yake alirudi, akamweleza daktari ukweli, akaanzishwa upya kidonge chake. Usiku huo alinipigia simu kuniuliza, akirudi dukani kwa haja nyingine na kijana yule akamwonyesha tena chupa, amwambie nini. Nikamjibu, “Mwambie ugonjwa wako kwanza, shangazi, hata kama hakuuliza, kisha msikilize kama bado atakwambia kinga ni kinga tu.”